Chaneli ya Tatu

Hotipoti ilirudi imejaa kwa mara ya pili. Inspekta Pudensiana Nswima aliikuta kwenye kaunta ya kituo saa mbili na nusu asubuhi, bado imefungwa kwenye kitenge kama ilivyoletwa, na aliyeileta amekaa kwenye benchi la nje ameshika tama. Alikuwa Verdiana, mke wa Celestin. Celestin mwenyewe alikuwa mahabusu tangu jana mchana, anatuhumiwa kuiba kilo mia tatu za asali ya kikundi chake. Koplo Amedeus, aliyekuwa zamu, akaeleza kwamba mtuhumiwa hana fujo wala matusi. Anasema tu kwamba chakula hakimpiti kooni akiwa anaitwa mwizi. Ugali wa jana jioni ulirudi, na chai na viazi vya leo navyo hivyo hivyo.

Saa nane mchana gari lingempeleka mahakamani. Hati ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa, imelala mezani kwa Pudensiana, imebaki sahihi yake tu. Kesi rahisi kama kumsukuma mlevi, walisema wenzake, maana shahidi ni mashine, na mashine haina shemeji wala jirani. Pudensiana hakuwa na ugomvi na mashine. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowachosha ofisini kote: hasaini jambo alilosimuliwa. Lazima akaliangalie kwa macho yake, hata kama ni kuku aliyekufa.

Akalifungua jalada. Ndani kulikuwa na karatasi moja iliyochapwa rangi, mchoro wa siku nne, Jumamosi mpaka Jumanne. Mstari mwekundu uliandikwa "Pipa 3". Ulitembea juu, umenyooka, ukashuka kidogo Jumatatu saa nne na robo asubuhi, kisha Jumanne saa tatu na dakika arobaini ukaporomoka mpaka chini. Siku zote mbili aliyekuwa na ufunguo wa mabomba ya mapipa ni Celestin. Ukiitazama hiyo karatasi ukiwa umeketi, unamfunga mtu bila kuamka kitini.

Alimtoa mahabusu wakazungumza kwenye chumba cha maelezo. Celestin alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, mzaliwa wa Katumba, babu yake alifika huko na kundi la kwanza la waliokimbia Burundi, na yeye mwenyewe aliacha tumbaku akaingia kwenye nyuki. Alijibu kila swali kwa adabu, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, na hakumlaumu mtu. Jumatatu alipakua ndoo mbili kutoka pipa la pili, akaandika kwenye daftari. La tatu hakuligusa. Jumanne hakupakua hata kijiko. Pudensiana akamuuliza na Jumamosi na Jumapili alikuwa wapi, siku ambazo hakuna aliyezitaja. Alikuwa Katumba kwenye msiba wa mjomba wake, akarudi Jumapili jioni na baiskeli.

"Nani alikuona?"

"Mama afande, nilichimba kaburi. Waliniona wote."

Pudensiana akaandika hilo, akachukua kofia yake, akamwambia Amedeus awashe gari waende Shanwe.

Ghala la Kikundi cha Nyuki cha Muyombo lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, jengo la tofali za kuchoma na paa la bati. Ukuta mmoja ulipangwa mapipa sita ya chuma cheupe, marefu kuliko mtu, kila moja na bomba chini lenye kufuli. Mapipa manne ya mwanzo yalikaa juu ya mizani bapa za chuma. Waya zilitoka chini ya mizani, zikapanda ukutani kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula, zikaingia kwenye sanduku la kijivu. Chini ya sanduku palikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta. Kioo kilionyesha namba sita zinazopumua: 401, 250, 9, 377, 0, 0.

Mwenyekiti, Mzee Gaspar Lyamba, aliwapokea mlangoni. Huyu alikuwa mtu wa mizinga ya magogo tangu ujana, mtu ambaye porini anagonga mzinga kwa kifundo cha kidole na kukwambia umejaa nusu au bado, na hakosei. Leo alikuwa na hasira. Alieleza kwamba jana saa nne na nusu walikuja wanunuzi, wakafungua bomba la pipa la tatu, likatoa uzi mwembamba wa asali na kukauka. Wakakimbilia kompyuta, kompyuta ikawaonyesha. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna wanachama walimwonya kuhusu kuwapa watu wa Katumba funguo, na kesho kutakuwa na mkutano wa kuwaondoa wote kumi na wanne kwenye kikundi. Pudensiana alisikia hilo vizuri sana, na likamkera.

Mtu wa pili alikuwa Ezekia, mtunza ghala. Mpole, msafi, anazungumza taratibu. Alimfutia Pudensiana kiti kwa leso, akamuuliza kama saa yake bado inakwenda vizuri, maana kabla ya kuingia kwenye asali alikuwa fundi saa pale sokoni, mpaka simu zilipoua biashara, na saa hiyo ya mkononi aliitengeneza yeye. Inakwenda, Pudensiana akajibu. Ezekia akaeleza utaratibu wa ghala bila kuulizwa mara mbili. Jumatatu mpaka Ijumaa ufunguo wa mabomba anakaa nao Celestin, ndiye mpakuaji. Jumamosi na Jumapili unarudi kwake. Ufunguo wa sanduku la ukutani anao yeye, na mwingine anao fundi aliyelifunga.

Mzee Gaspar akamvuta Pudensiana pembeni. Huyo fundi, Rozalia, alionekana Shanwe Jumamosi, alisema. Msichana mwenye ufunguo na akili za mashine, si wa kumwacha hivi hivi.

Basi Rozalia, aliyeitwa kwa simu, alipofika na pikipiki yake, begi la vifaa mgongoni, hakupata hata nafasi ya kusalimia. Pudensiana alimuuliza pale pale kwenye kizingiti Jumamosi alikuwa wapi. Rozalia, binti wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, alimtazama machoni akajibu kwamba asubuhi saa moja alipita Shanwe kununua misumari, saa mbili akaondoka kwenda Mishamo kufunga sola ya zahanati, akalala huko siku mbili. Amedeus akapiga simu. Mganga wa zahanati akathibitisha, akaomba na kumsalimia fundi, kwamba taa zinawaka. Njia hiyo ikafungwa ndani ya dakika tatu, na Pudensiana akamwomba radhi mbele ya watu.

"Hii karatasi," akasema, "ni picha. Mimi nataka namba zenyewe."

Rozalia akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumuomba namba. Akavuta kiti, akafungua sanduku la ukutani, na kwa kuwa Pudensiana hakujua lolote akamwanzia mwanzo, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

Ndani kulikuwa na bodi ya kijani, ndogo kuliko sinia. Upande mmoja ilikuwa na safu ya skrubu, na kila jozi ya skrubu ni chaneli, mlango wa kuingizia kipimo kimoja. Umeme unaoingia humo si ule wa kuwaka na kuzima. Unapanda na kushuka kidogo kidogo kadiri uzito unavyopanda na kushuka. Kazi ya fundi ni kuiambia bodi kila mlango una nini. Kwanza alizipa jina: chaneli ya kwanza pipa la kwanza, ya pili la pili, hivyo hivyo. Kisha alichagua kipimo. Mizani hizi hutoa umeme mdogo mno, na ukiiachia bodi kipimo kikubwa ni sawa na kupima chumvi kwa mizani ya ng'ombe, kwa hiyo alikibana mpaka kikaona hata kijiko. Kisha akaziunganisha waya mbili mbili kila chaneli, ili kelele za mota ya jirani anayesaga mahindi ziingie kwenye waya zote mbili sawasawa, na bodi itoe moja kwenye nyingine, kelele zijifute zenyewe. Mwisho akapandisha dumu la maji la lita ishirini juu ya kila pipa, mara kumi kila moja, mpaka namba ikasema ishirini bila kubabaisha. Kazi hiyo ilimchukua siku sita. Walitaka amalize kwa siku moja, akakataa.

Pudensiana alikuwa amekunja mikono anasikiliza, na kusema kweli alikuwa anamhusudu yule binti. Amekaa kazini miaka kumi na saba na hajawahi kuona chumba cha ushahidi kilichopangwa vizuri kama lile sanduku. Kila waya ulikuwa na lebo ya mwandiko mdogo. Akaona chaneli ya tano na ya sita hazina waya wa kutoka kwenye mizani. Badala yake kipande kifupi cha shaba kimeziba skrubu moja hadi nyingine, na kwenda kwenye ethi, waya unaoingia ardhini. Akauliza ni cha nini.

Rozalia akaeleza kwamba mapipa ya tano na sita bado hayajanunuliwa mizani, na mlango usio na kitu hauachwi wazi, lazima ufungwe. Ukifungwa hivyo unasoma sifuri siku zote.

"Na ukiachwa wazi?"

"Mlango unadanganya, afande. Bodi hii ina mkono mmoja tu wa kuchotea. Unakwenda chaneli ya kwanza, unachota, unaandika. Ya pili, unachota, unaandika. Chukua upawa, ingiza kwenye sufuria ya maharage, kisha ingiza kwenye sufuria tupu. Ukiutoa una nini?"

"Mchuzi wa maharage."

"Basi. Chaneli isiyo na waya inaandika mchuzi wa jirani yake wa kabla."

 Pudensiana alivuta kiti chake karibu na kioo, akaomba namba za Jumanne, saa tatu na dakika thelathini na tisa kwenda mbele, sekunde kwa sekunde. Zikapita juu ya kioo, chaneli ya tatu, 250, 250, 250, kisha 9. Akamwomba arudishe. Sekunde moja ilisema 250, sekunde iliyofuata ikasema 9.

Akamgeukia Mzee Gaspar, akamuuliza ndoo moja ya asali hujaa kwa muda gani kwenye bomba hilo. Mzee akasema asubuhi ya baridi kama hii ya Julai, dakika kumi, kumi na mbili. Na kilo mia mbili arobaini na moja? Mzee akaanza kuhesabu ndoo kwa vidole. Kwenye karatasi siku nzima ilikuwa na upana wa vidole viwili, na mtu angeweza kuamini kwamba ule mteremko ulichukua asubuhi yote. Kwenye namba ulichukua muda wa kufumba jicho.

"Hakuna asali inayotoka hivyo," Mzee Gaspar akasema taratibu. "Hata maji hayatoki hivyo."

Wakarudi Jumatatu saa nne na robo. Pipa la pili lilikuwa 306, likashuka polepole mpaka 278, likatulia kidogo wakati Celestin anabadilisha ndoo, likashuka tena mpaka 250. Ndoo mbili, kama daftari lilivyoandikwa. Na pipa la tatu? Pipa la tatu lilikuwa 306, likashuka mpaka 278, likatulia, likashuka mpaka 250. Sekunde zile zile, tone kwa tone. Jana karatasi hiyo ilisomwa kwamba Celestin alikuwa anapakua la pili huku anajiibia la tatu. Leo Pudensiana alisimama katikati ya mapipa hayo mawili akanyoosha mikono yote miwili, na hakuyafikia. Mtu mmoja hawezi kufungua mabomba mawili, akayafunga pamoja, akabadilisha ndoo mbili pamoja, na asipishane hata sekunde moja.

"Haya, dada Rozalia. Wewe unaona nini?"

Rozalia alikuwa ameshatoka kitini. Alisema anaona upawa. Akazikimbiza namba nyuma, Jumapili, Jumapili asubuhi, Jumamosi usiku, kila mahali chaneli ya tatu ikifuatana na ya pili kama pacha, mpaka Jumamosi saa tisa na dakika kumi alasiri akasimama. Hapo pipa la tatu lilikuwa 312, uzito wake wa kweli. Sekunde moja baadaye likawa 306, uzito wa jirani. Kilo sita tu, kwenye karatasi huwezi kuziona hata kwa miwani. Hapo ndipo waya ulipochomolewa, akasema, na jana saa tatu na dakika arobaini ndipo uliporudishwa. Katikati yake pipa lingeweza kukaushwa na hata kuoshwa, na kompyuta ingeendelea kusema limejaa.

Mzee Gaspar alikuwa haamini, na Pudensiana hakumlaumu. Akaomba jambo moja lifanyike mbele ya macho yake. Rozalia akalegeza skrubu, akaitoa, akauvuta waya wa chaneli ya tatu ukaning'inia hewani. Namba ikaruka kutoka 9 hadi 250. Kisha Amedeus akabeba dumu la maji la lita ishirini, akalipandisha juu ya pipa la pili. Chaneli ya pili ikasoma 270. Chaneli ya tatu, isiyo na waya wowote, ikasoma 270. Mzee Gaspar akavua kofia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Celestin alikuwa anachimba kaburi Katumba wakati waya unachomolewa.

Pudensiana akawaomba Mzee Gaspar na Ezekia wampishe nje kidogo, wakae barazani na Amedeus. Mlango ulipofungwa akamuuliza Rozalia nani kwenye kikundi aliyajua haya ya upawa. Rozalia akasema aliwafundisha watatu siku ya makabidhiano. Mzee alisinzia. Celestin alisikiliza, akaandika. Ezekia aliuliza mara mbili arudie hapo kwenye mlango ulioachwa wazi, naye akafurahi kupata mwanafunzi mwenye hamu.

"Hilo ni swali, si kosa," Pudensiana akasema. "Nipe kitu cha kushika mkononi."

Fundi akafikiri. Tangu jana asubuhi, alisema, chaneli ya tatu inatetemeka. Namba inacheza cheza kidogo wakati nyingine zimetulia, naye alidhani ni mizani tupu. Akawasha tochi, akainama juu ya safu ya skrubu. Akaichukua ile ya chaneli ya tatu aliyoiweka mezani, akaiweka juu ya ukucha wake, akaisogeza puani. Kisha akampa Pudensiana naye anuse.

Nta ya nyuki ilikuwa imejaa kwenye mfuo wa skrubu, na nyingine imeshuka chini yake, imepaka ncha za waya. Ndiyo maana namba ilitetemeka. Umeme haupendi kupita kwenye nta. Wakazikagua skrubu nyingine zote kwa tochi. Zote zilikuwa safi, chuma kitupu.

"Mimi bisibisi yangu nimeisugua kwa sumaku," Rozalia akasema. "Skrubu inashika yenyewe. Nta sihitaji."

Pudensiana akaifunga ile skrubu kwenye karatasi, akaitia mfukoni, akamwomba nyingine kama hiyo kwenye begi lake, pamoja na bisibisi isiyo na sumaku. Skrubu hiyo ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, na tundu lake liko ndani, mahali ambapo kidole hakifiki. Kisha akafungua mlango akawaita wote waingie. Akawaambia kwamba kwa ajili ya jalada anahitaji kujua kila mwenye mkono kwenye ghala hili anaurudishaje waya, basi, atawaomba wafanye mmoja mmoja, naye ataandika dakika.

Mzee Gaspar alianza. Aliishika skrubu kwa vidole viwili vinene vyenye makovu ya nyuki, akaielekeza kwenye tundu, ikadondoka. Wakaitafuta sakafuni kwa tochi. Akajaribu tena, ikadondoka tena, akairudisha mezani akasema yeye ni mtu wa magogo.

Zamu ikawa ya Ezekia. Alifuta mikono kwa leso, akachukua bisibisi, akaangalia tundu kwa jicho moja kama fundi saa anavyoangalia. Mkono wake wa kushoto ukaenda chini ya ukingo wa meza bila yeye kuutazama, ukarudi na kitu kidogo kati ya vidole. Akakipaka kwenye ncha ya bisibisi, akaigusa skrubu, ikanata ikasimama wima. Akaiingiza kwenye tundu kwa mara ya kwanza, akazungusha mara moja. Akazungusha mara ya pili. Hapo mkono ukasimama.

 Pudensiana akainama akatazama chini ya meza. Palikuwa na donge la nta limebandikwa kwenye mbao, jeusi kwa kushikwa shikwa, na alama za kucha. Ezekia alikuwa bado ameshika bisibisi.

"Uzoefu wa saa," akasema, kama anamweleza mtu asiyekuwepo.

"Kazi nzuri," Pudensiana akamjibu, na alimaanisha. "Ungekuwa na mkono mbaya nisingekupata."

Ezekia akaweka bisibisi chini kwa uangalifu, sambamba na ukingo wa meza. Alipoulizwa kwa nini, alimtazama Mzee Gaspar, si Pudensiana. Alisema miaka kumi na moja ameshika funguo za ghala hili, tangu mapipa yalipokuwa madumu, na mwezi wa tano mbele ya wanachama wote Mwenyekiti alitangaza kwamba msimu ujao ghala litashikwa na Celestin kwa sababu kijana ameijua kompyuta upesi. Hakuna aliyemwita kando. Hakuna aliyemwambia asante. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mzee Gaspar aliinamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

"Na asali umeiuza wapi?"

"Sijaiba hata tone, afande. Andika hivyo."

Baada ya hapo akanyamaza kabisa. Pudensiana aliliangalia jibu hilo kila upande. Amedeus alikuwa ameshapitia daftari la geti. Jumamosi na Jumapili halikuingia gari, haikuingia pikipiki, hakuna hata mkokoteni. Ezekia alitoka kwa miguu siku zote mbili, na mtu hatoki kwa miguu na kilo mia tatu. Kama ni kweli hajaiba, basi asali haikutoka ghalani. Akatazama saa. Ilikuwa saa sita na robo. Akamwambia Amedeus akamlete Celestin, na yule mama aliyeko kwenye benchi naye amlete.

Celestin alifika bila viatu, suruali imelegea kwa kunyang'anywa mkanda. Verdiana alishuka nyuma yake na hotipoti yake. Pudensiana alimwambia Celestin kwa maneno machache waya ulichomolewa lini na nani, na kwamba hatasaini ile hati. Celestin aliitikia kwa kichwa tu. Kisha Pudensiana akamuuliza, yeye kama mpakuaji, kilo mia tatu za asali ndani ya ghala hili angezificha wapi.

 Celestin aliitazama kompyuta, namba zile sita, akageuka akaipa mgongo. Akaenda mwanzo wa safu, akagonga pipa la kwanza kwa kifundo cha kidole, sikio karibu na chuma. Sauti nzito. La pili, nzito chini, nyepesi juu. La tatu likalia kama ngoma. La nne, zito. Mzee Gaspar alishasimama kutoka kwenye ndoo, kwa sababu alikuwa ameelewa, na uso ulimbadilika. Wafuga nyuki wanachama mia na ushee, watu wanaogonga kila mzinga porini kabla ya kuugusa, na tangu mashine hiyo ifungwe hakuna hata mmoja aliyegonga pipa.

Celestin akagonga la tano, ambalo kompyuta ilisema sifuri. Likatoa sauti fupi, iliyoziba, kama ukuta.

Akagonga tena juu zaidi, akapanda na kidole mpaka usawa wa kifua chake, hapo sauti ikafunguka. Ezekia mwenyewe alitoa mfukoni ufunguo wa mabomba, aliorudishiwa jana, akamkabidhi. Bomba lilipofunguliwa hakikutoka kitu kwa muda, kisha asali ikaja, nene, ya rangi ya majani makavu. Rozalia alikitazama kile kipande cha shaba alichofungia chaneli ya tano, akacheka kwa uchungu. Mlango huo ulifungwa vizuri mno, alisema. Leo leo atalitafutia pipa hilo mizani, hata kama ni ya kuazima.

Mzee Gaspar alitaka kusema mengi. Alianza na kikundi, akaja kwenye mkutano wa kesho kwamba hautakuwepo, akaja kwa watu wa Katumba, akakwama. Celestin alimsubiri mpaka akamaliza kukwama.

"Baba Mwenyekiti, mashine ni nzuri. Isome. Ila kila asubuhi na sisi tugonge."

"Tutagonga, mwanangu."

Amedeus alimchukua Ezekia kwa mkono, bila pingu, wakatoka. Pudensiana akaitoa hati ya mashtaka kwenye jalada, akaipiga mstari kutoka kona hadi kona, akaandika tarehe na saa. Alipoinua kichwa Verdiana alikuwa amepiga magoti anafungua kitenge kwenye kizingiti cha ghala, anasema viazi vimepoa na chai ndiyo usiseme. Celestin akaomba maji. Akanawa mikono yote miwili, akakaa chini sakafuni chini ya pipa la tano, akala.